Siku Msaragambo Ulipoahirishwa

Kundi lile nililianzisha mimi, na sioni sababu ya kulisema hilo kwa sauti ya chini. Wakati huo nilikuwa Gaborone, nikifunga viyoyozi kwenye majengo ya watu na kulala katika chumba ambacho dirisha lake lilitazama ukuta. Jioni moja nilitafuta kwenye simu nyimbo za mzee wa kwetu, mpiga gitaa wa juu kule Myamba, nikapata mbili tu. Zilikuwa zimerekodiwa vibaya, mbuzi analia katikati ya ubeti. Nilizisikiliza mpaka chaji ikaisha. Kesho yake nikafungua kundi la WhatsApp, nikaweka picha ya mlima uliofunikwa na ukungu, nikawaingiza Wapare wote niliokuwa na namba zao. Nao wakawaingiza wengine. Haukupita muda mrefu tukawa na watu wa Same, Mwanga, Tanga, Arusha, Dar es Salaam, hata muuguzi mmoja aliyeolewa Norwei, ambaye alikuwa akituma picha za theluji na kuandika chini yake maneno ya nyimbo za mzee.

Wasiomjua mzee niwaeleze. Alitunga mwenyewe, akaimba mwenyewe, kwa Chasu, yaani Kipare, na Kiswahili, vikiwa vimechanganyika kama mahindi na maharage kwenye makande. Hakuwahi kuingia studio. Nyimbo zake zilisambaa kwa kaseti zilizonakiliwa juu ya kaseti, baadaye kwa simu. Aliimba juu ya wanawake wanaoshuka Maore na mikungu ya ndizi na kupanda na mchele. Aliimba juu ya mtu aliyeuza dume la ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Wimbo nilioupenda mimi ulikuwa wa tangawizi, na mstari wake mmoja niliondoka nao kijijini na kurudi nao: *tangawizi imekwenda mjini, mgongo umebaki huku.*

Mimi niliondoka na mgongo wangu. Sikuwa na mjomba ofisini wala baba mwenye duka. Nilibeba viroba vya vitunguu pale barabara kuu, nikajilipia ada, nikapata stashahada ya majokofu na viyoyozi, nikavuka mipaka. Nimerudi Same na karakana yangu, pikapu yangu, nyumba yangu ya vigae. Stashahada imetundikwa ukutani, ndani ya fremu ya kioo, mahali ambapo mteja akiingia lazima aione. Kama umewahi kunywa maji baridi mjini Same wakati wa jua lile la mwezi wa pili, huenda jokofu lililoyapoza limepita mikononi mwangu. Ninaandika haya ili msomaji ajue kwamba anayesimulia si mtu wa kubahatisha.

Kundini mazungumzo hayakukauka. Kulikuwa na mtu wetu mmoja wa Dar, mzaliwa wa kitongoji kilekile cha mzee, anayefanya kazi za kutoa mizigo bandarini. Huyu alipenda kuwa wa kwanza kwa kila habari. Bei ya tangawizi ikishuka, yeye kwanza. Mchungaji akihamishwa, yeye kwanza. Kulikuwa na mwalimu mstaafu wa Maore, mama wa watu, aliyesahihisha Chasu cha kila mmoja wetu kana kwamba bado ameshika chaki. Na kulikuwa na kijana wa bodaboda kutoka Ugweno, ambako wana lugha yao, ambaye tulimwita Mgweno wetu, na ambaye hakuacha kutaniwa.

"Wewe Mgweno," mtu wa Dar alimwandikia mara moja, "unalilia wimbo wa Chasu, umeelewa nini?"

"Nimeelewa gitaa," kijana akajibu. "Gitaa halina kabila."

Halafu kulikuwa na ubishi wa wimbo wa kuku. Mtu wa Dar alisema kesi ile ilitokea kitongojini kwao na mshtakiwa alikuwa babu yake mdogo. Mwalimu akasema ilitokea Maore, na aliyeuza ng'ombe alikuwa jirani wa mama yake. Walibishana siku nzima. Mtu wa Dar akasema ana mashahidi wawili hai na yuko tayari kuwaleta.

"Wapare jamani!" mwalimu akaandika. "Hata wimbo mnataka kuufikisha baraza la kata?"

Nilikuwa nikisoma hayo karakanani, mikono ina grisi, nikicheka peke yangu. Nasema kweli, zilikuwa siku nzuri. Siandiki kwamba zilikuwa nzuri kwa sababu sasa zimekwisha. Zilikuwa nzuri hata wakati ule.

Binti wa mzee nilimwingiza mimi baada ya kurejea. Yeye ndiye aliyekuwa akiishi na baba yake tangu mama yake afariki. Aliandika mara chache sana, na alipoandika ilikuwa kushukuru. Kwa hiyo aliponiandikia pembeni, nje ya kundi, nilijua kuna jambo.

"Shikamoo kaka," aliandika. "Baba hali chakula vizuri. Kifua kinambana. Gitaa amelipandisha darini, anasema maisha yake yote aliwaimbia mbuzi. Nimemwambia juu ya watu wa kwenye simu, anasema ni maneno ya simu. Daktari wa Gonja alisema apelekwe hospitali kubwa, yeye hataki. Jana nimemlilia, ndipo akasema: waje hao watu wako. Nikiwaona kwa macho yangu wamekaa hapa uwanjani wanaimba nyimbo zangu, nitakwenda hospitali. Kaka, naomba waje. Hata wachache."

Niliusoma nikiwa nimesimama. Kisha nikauweka kundini kama ulivyo, nikaongeza kwamba mimi kiongozi wenu nitakwenda na gari langu na nafasi ipo.

Sijawahi kuona kundi likiwaka vile. *Nipo. Tupo. Mzee wetu lazima aishi. Nakuja na familia nzima.* Mioyo, mikono, machozi, ngoma. Watu wa Same na Mwanga wakakubaliana kukodi Coaster moja, wakachagua fulana za njano ili wapendeze kwenye picha. Mgweno wetu akasema atakuja kwa pikipiki yake kutoka Ugweno mpaka Myamba, liwalo na liwe. Mtu wa Dar akasema kazi zimembana, ila moyo wake utakuwa kule, na yeye ataratibu kutokea Dar. Tukachagua Jumamosi.

Sasa lazima nieleze jambo moja la kwetu. Huko juu barabara si ya serikali wala ya mtu, ni ya msaragambo. Baragumu likipigwa alfajiri, kila nyumba inatoa mtu na jembe. Mvua za vuli zilikuwa zimekata barabara pale chini ya kitongoji cha mzee, zikachimba korongo lililobakiza ukingo mwembamba wa kupitisha gari, na Jumamosi ile ilikuwa zamu ya kuliziba. Na msaragambo wa kwetu hauahirishwi. Si kwa mvua, si kwa mnada, si kwa harusi. Kitu kimoja tu kinaweka majembe chini, nacho ni kifo. Mtoto wa kule analijua hilo kabla hajajua kuhesabu.

Binti wa mzee alimwendea mwenyekiti wa kitongoji akamwambia kuna wageni wengi wanakuja kumwona baba, kutoka kila mahali, na hana mikono ya kuwapokea. Mwenyekiti alifikiri sana. Kisha akafanya jambo ambalo halikuwahi kufanywa. Akaahirisha msaragambo, akasema nguvu yote iende kwa mzee: mabenchi yatoke kanisani, turubai litoke shuleni, wanawake waweke masufuria. Ilikuwa heshima kubwa. Nafikiri hakuna mwanamuziki wa Tanzania aliyewahi kupewa heshima kama hiyo.

Jumamosi niliondoka Same mapema. Maore nikampakia mwalimu, aliyekuwa amejifunga khanga mbili na kupakata kapu la mchele.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba baba. Gari lako hili?"

"Langu. Sina deni nalo."

"Nimeuliza gari, sijauliza deni," akasema akipanda. "Twende, mzee wa watu anatusubiri."

Tulipanda tukiimba. Mwalimu ana sauti ya kwaya. Tuliimba wimbo wa wanawake wa Maore, naye akaniambia kwamba mama yake alikuwa mmoja wa wanawake wale, kwamba mzee, enzi hizo kijana, aliwapita njiani na gitaa mgongoni akawasaidia kubeba mkungu mmoja. Tulipofika kwenye korongo nilisimamisha gari, nikashuka, nikaliangalia. Ukingo ulikuwa umelegea. Dereva wa kawaida angerudi. Niliweka gia nzito nikapita, gurudumu moja likining'inia nusu hewani, mwalimu akimtaja Bwana kwa Chasu.

Uwanja wa mzee ulikuwa umepambwa kiasi ambacho sikutarajia. Turubai la bluu lilifungwa kwenye migrevilea. Mabenchi ya kanisa yalipangwa safu kwa safu, yakitazama kiti kimoja. Masufuria ya makande yalifuka mvuke. Watu wa kitongoji walisimama pembeni, kwenye kingo za udongo zinazozunguka uwanja, kwa sababu waliambiwa mabenchi ni ya wageni. Na mzee alikuwa amekaa pale kitini, amevaa koti zito na kofia ya sufu, gitaa limeshushwa darini na kufutwa vumbi, limelala magotini pake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe mtoto wa nani?"

Nilimwambia jina la baba yangu na la babu yangu. Nikamwambia pia nilikotoka, Gaborone, karakana, stashahada. Alinisikiliza vizuri, macho yake madogo yakinipima.

"Ndiye wewe uliyekuwa unavunja miwa yangu," akasema.

"Nilikuwa mdogo, mzee."

"Na hiyo stashahada yako inafanya nini?"

"Inapoza, mzee. Majokofu, vyumba vya baridi."

Akatazama ukungu uliokuwa ukipita juu ya migomba. "Huku kwetu," akasema, "baridi ni bure."

Watu walicheka, nami nikacheka. Binti yake alicheka pia, nikaona jinsi alivyokuwa akimtazama baba yake akicheka, kama mtu anayetazama moto aliouwasha kwa kuni mbichi.

Tukasubiri. Coaster ilipaswa kuwa imetoka Same nyuma yangu kidogo. Mgweno wetu alikuwa ameandika asubuhi kwamba ameshavuka Mwanga. Nikamwambia mzee kwamba wako njiani. Akatikisa kichwa, akaanza kukaza nyuzi. Alikaza mmoja, akasikiliza, akakaza mwingine. Binti yake alikwenda mpaka pale barabara inapopinda, akarudi. Akaenda tena. Mwalimu aliimba peke yake kidogo ili kuchangamsha uwanja, lakini safu tupu za mabenchi zinameza sauti, sijui kwa nini. Wanawake walifunika masufuria. Wanaume walianza kunung'unika kwenye kingo.

"Saa hizi korongo lingekuwa limejaa mawe," mmoja akasema, si kwa sauti ya kificho.

"Wageni wako wako wapi?" mwenyekiti akaniuliza.

"Wanakuja. Nawajua mimi. Niliwakusanya mwenyewe."

Nyumbani kwa mzee mtandao haukamati. Unakamata mahali pamoja tu, kwenye tuta la kanisa. Nikapanda. Kabla sijafika juu simu ilianza kutetemeka mkononi, ikatetemeka bila kukoma mpaka nikadhani imeharibika.

Ujumbe wa kwanza kabisa ulikuwa wa mtu wa Dar. Aliweka picha ya mshumaa. *TANZIA. Kwa masikitiko makubwa, nguli wetu ametutoka alfajiri ya leo nyumbani kwake. Bwana alitoa na Bwana ametwaa.* Chini yake ilikuwa bahari. Sikuwahi kujua kwamba wanachama wetu wanaweza kuandika vile. Watu ambao walikuwa wakituma kidole gumba tu waliandika kurasa. Muuguzi wa Norwei alituma ujumbe wa sauti, anaimba wimbo wa tangawizi huku analia, sauti inakatika, anaanza upya. Mama mmoja wa Tanga alisimulia jinsi mumewe alivyomchumbia kwa wimbo wa mzee. Nikateremka nao kwa kidole, ujumbe baada ya ujumbe, mpaka nikafika kwa watu wa Coaster.

Walikuwa wamefika kijiji cha Kisiwani habari zilipowakuta. *Tumesimamisha gari, tumesali. Hatuwezi kuingia msibani na fulana za njano, mikono mitupu, kama wahuni. Tumegeuza. Tujipange tuje kuzika kwa heshima.*

Mgweno wetu aliandika mstari mmoja: *Nilikuwa nimeshafika Same. Nimekaa chini kando ya barabara.*

Nikaandika kwa herufi kubwa: MZEE YUKO HAI. NIMETOKA KUZUNGUMZA NAYE SASA HIVI.

Jibu la kwanza lilitoka Arusha. *Pole sana admini. Mshtuko ndivyo ulivyo, mtu hukataa kwanza.*

La pili: *Kiongozi, jikaze. Tuko pamoja.*

Nikampigia mtu wa Dar. Alipokea analia.

"Nani amekwambia mzee amekufa?"

"Kaka, pole. Mdogo wangu aliniandikia asubuhi, yuko palepale kanisani wanatoa mabenchi. Msaragambo umeahirishwa. Mabenchi yanakwenda kwa mzee, turubai linakwenda kwa mzee, wanawake wanapika kwa mzee. Wewe ni mtu wa kule. Unataka nikueleze maana yake?"

"Umeahirishwa kwa ajili ya wageni! Kwa ajili ya hao uliowageuza njiani!"

Nilisikia magari ya Dar nyuma yake, honi, muuza maji.

"Msaragambo?" akasema hatimaye. "Kwa ajili ya wageni? Tangu lini?"

Na hapo hakuna niliyeweza kumlaumu kwa moyo wote. Mtu wa Moshi asingekosea vile, wala mtu wa Dodoma. Wao wangemuuliza mdogo wake swali moja zaidi. Mtu wa kwetu hakuhitaji kuuliza. Mimi mwenyewe, ningekuwa bado Gaborone, ningewasha mshumaa.

Nikawapigia watu wa Coaster. Walikuwa wamekwisha kurudi Same na kutawanyika, na mvua ilikuwa imeanza kunyesha tambarare. "Basi afadhali, Mungu mkubwa," dada aliyekuwa akiongoza safari akasema. "Tutajipanga tena, kaka. Jumamosi nyingine."

Nimekaa mbele ya mameneja wa Kizungu nikawaeleza kwa nini mtambo wao umekufa, bila kutetemeka. Lakini kushuka kutoka kwenye tuta lile hadi uwanjani sikupata sentensi hata moja. Mwalimu aliniona usoni. Nikamnong'oneza. Yeye ndiye aliyekwenda kuchuchumaa mbele ya kiti.

"Kaka," alimwambia mzee, "wamesikia umekufa. Wamerudi nyumbani kujiandaa na mazishi."

Mzee alicheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika na binti yake akamshikilia mgongo. Kilipotulia akanigeukia.

"Wanasemaje?"

"Wanalia, mzee. Simu imejaa."

"Nisikilizishe."

Jumbe za sauti zilikuwa zimekwisha ingia, kwa hiyo hazikuhitaji mtandao. Nikamwekea simu magotini, juu ya gitaa. Akamsikiliza mama wa Tanga. Akamsikiliza muuguzi wa Norwei mpaka mwisho, pale alipokosea ubeti wa pili, na midomo yake ikamsahihisha kimyakimya. Akamsikiliza mtu wa Dar akitaja nyimbo zake moja baada ya nyingine, kwa mpangilio wa kutungwa, hata ule mmoja ambao binti yake mwenyewe hakuwa akiujua. Uwanja mzima ulitega sikio. Hata wale wa kwenye kingo.

"Huyu analia vizuri," alisema. "Mwambieni niko hai. Mwambieni waje."

"Nimewaambia, mzee."

"Wakasemaje?"

"Wanasema watajipanga."

Alinirudishia simu kwa mikono miwili, kwa adabu, kama mtu anayerudisha kikombe.

"Maziko walikuwa wameyapanga asubuhi moja," akasema.

Kisha akawaambia watu wa kitongoji washuke kwenye kingo wakae kwenye mabenchi, chakula kisiharibike. Wakakaa. Akapiga wimbo mmoja, wa tangawizi. Sauti ilikuwa nyembamba, na kwenye ule mstari wa mgongo alivuta pumzi katikati, mahali ambapo hakuwahi kuvuta. Majirani walisikiliza huku wanakula, kama ambavyo mtu husikiliza jogoo wake mwenyewe. Nilirekodi. Hakuna mbuzi ndani yake, ila kuna vijiko.

Tulipokuwa tukiaga, binti yake alipiga magoti. "Baba, hospitali. Umewasikia. Ulisema."

"Nilisema nikiwaona," mzee akasema. "Nimewasikia. Sikuwaona."

Mwalimu alijaribu, mwenyekiti alijaribu. Mimi nilimwambia gari liko hapa, mafuta yamejaa, twende sasa hivi, gharama si tatizo lako. Akanipiga begani. "Umefanikiwa, mtoto wangu," akasema. "Nimeona." Maneno hayo nilikuwa nimeyangoja tangu utotoni kutoka kwa mtu yeyote wa kijiji kile. Yalinifikia siku ambayo sikuwa na mahali pa kuyaweka.

Kundini waliona aibu kwa wiki moja. Mtu wa Dar aliomba radhi kwa ujumbe mrefu wenye aya. Mtu mwingine akafariji kwamba anayezushiwa kifo huishi miaka mingi, na wengi wakapenda hilo, wakaliwekea alama ya moyo. Jumamosi nyingine ikapangwa, ikaangukia sherehe ya mtu. Nyingine, mvua. Ikaja kujulikana kwamba siku ile ya tanzia, kabla ya saa sita mchana, mtu wa Dar alikuwa amekwisha agiza fulana nyeusi zenye picha ya mzee na maneno *Pumzika, Nguli*. Zilichapwa zote.

"Sasa tuzifanyie nini?" aliuliza kundini, kwa uchungu wa kweli.

"Zitunze," mtu akamjibu. "Haziozi."

Binti wa mzee alikuwa ndani ya kundi. Aliusoma ujumbe huo. Zile alama mbili za bluu hazifichi kitu.

Na msaragambo haukuitwa tena upesi. Watu walikuwa wamekasirika. Walisema siku yao ilipotea kwa ajili ya wageni wa kwenye simu, basi wageni hao waje wazibe korongo. Mwenyekiti alikuwa ameaibika, hakuthubutu kupiga baragumu. Kisha masika ikaingia, na ule ukingo niliopita nao gurudumu likining'inia ukaanguka wote.

Asubuhi moja binti alinipigia kutoka kwenye tuta la kanisa, akihema. "Kaka, baba hawezi kupumua. Amekubali. Njoo na gari."

Sijawahi kuendesha vile. Lakini gari, hata liwe na nguvu namna gani, haliruki. Nilisimama upande wa chini wa korongo, injini inanguruma, mlango wa nyuma nimeufungua na godoro nimelitandika. Ng'ambo niliwaona wakiteremka na kitanda mabegani, wanaume walewale wa kwenye kingo, wamevua viatu ili vidole vishike tope. Walishuka ndani ya korongo polepole. Maji yaliwafika magotini. Niliingia nami, na suruali yangu nzuri, nikashika mguu mmoja wa kitanda. Tulikuwa bado chini, katikati ya zile kuta mbili za udongo, binti yake aliposema, "Mshusheni." Hakupiga kelele. Tukakiweka kitanda juu ya jiwe. Alivua khanga ya begani akamfunika baba yake uso. Juu yetu injini ya pikapu yangu iliendelea kunguruma, kwa sababu nilikuwa nimeiacha tayari.

Niliandika kundini mwenyewe. Jibu la kwanza lilikuwa: *Admini, hakikisha kwanza.*

Safari hii walikuja wote. Coaster mbili, Noah kadhaa, mtu wa Dar na maboksi yake. Waliacha magari chini ya korongo wakapanda kwa miguu, wameshika viatu mkononi, fulana nyeusi zinawapendeza. Nilikuwa nimesimama karibu na mwenyekiti, dada mmoja alipotupita akiwa ameshikilia mti asiteleze.

"Jamani wenyeji," alisema, "barabara hii hamuitengenezi?"

Mwenyekiti alimtazama. "Tuliahirisha," akamjibu. "Tulikuwa tunawasubiri."

Dada yule hakuelewa, akashukuru, akaendelea kupanda.

Waliimba vizuri sana, lazima niseme haki. Walizijua zote. Mabenchi yalijaa, turubai likajaa, wengine wakasimama kwenye kingo. Binti wa mzee alikaa mbele, karibu na jeneza, hatazami kaburi, anawatazama wao, safu kwa safu, uso kwa uso, akichukua muda kwa kila mmoja, kama aliyetumwa kuwaona kwa niaba ya mtu mwingine. Siku hiyohiyo, kabla Coaster hazijafika Kisiwani, alitoka kwenye kundi bila neno.

Jumamosi iliyofuata baragumu lilipigwa. Nilikuwa nimelala huko juu, nikatoka na jembe la kuazima. Mwalimu alikuja na wanawake wa kubeba mawe. Mgweno wetu, ambaye hakuondoka baada ya mazishi, aliendesha pikipiki yake siku nzima akileta maji ya kunywa. Tulijaza korongo mawe, tukashindilia udongo, mwenyekiti akapanda juu yake akaruka mara mbili kupima. Nikawasha pikapu, nikapita kwanza mimi, taratibu, watu wakinitazama.

Sasa gari linafika hadi mlangoni kwa mzee.